Fare: kishike hiki kwanza

Kijana wa Malindi au Watamu unayejifunza Kiitaliano ili utembeze wageni, ushauri wangu ni huu: kabla hujakariri vitenzi mia, kishike barabara kimoja, fare, yaani kufanya.

Umbo lake ni kaidi: faccio, fai, fa, facciamo, fate, fanno. Hapo hapana njia ya mkato, kariri tu. Wakati uliopita, ho fatto. Ukikuta facevo, nilikuwa nikifanya, usishtuke; ni mabaki ya facere ya Kilatini.

Kazi zake ni nyingi. Fare una foto ni kupiga picha, fare la doccia ni kuoga, fa caldo ni joto, na dukani mgeni atauliza quanto fa?, jumla ni ngapi.

Ila utamu wenyewe uko kwingine. Kiitaliano hakina -sha yetu. Fare ndiyo inayoshika nafasi yake. Vedere ni kuona, far vedere ni kuonyesha. Sapere ni kujua, far sapere ni kujulisha. Ridere, kucheka; far ridere, kuchekesha. Nilipoling'amua hilo, msamiati wangu ulipanuka bila kugusa kamusi. Kule magofuni Gede sentensi niliyoitumia kuliko zote ni Le faccio vedere la moschea, nikuonyeshe msikiti. Angalia mpangilio: faccio na vedere vinafuatana, msikiti unakuja baadaye. Usiuchomeke katikati.

Na hiyo Le ni ya heshima. Kwa rika lako sema ti faccio vedere, au fammi sapere, nijulishe. Kwa mama mtu mzima usiyemjua, sema Le faccio vedere, mi faccia sapere. Adabu hiyo ina uzito wake, kama shikamoo kwa wazee wetu, na mimi sikubali kabisa mwongozaji aipuuze eti mgeni yuko likizo.

Kuna kijimtego kimoja hapo. Kitenzi cha pili kikiwa na yambwa yake, yaani kitu kinachotendwa, kama msikiti ule, mtu anakuwa Le. Kisipokuwa nayo, anakuwa La. Kwa hiyo ukitaka kumpandisha mama huyo garini kiti cha mbele, mwambie: La faccio salire davanti, signora.