Kabla hujaanza kuzisaka Sani za zamani

Ukishikwa na hamu ya katuni ulizosoma utotoni, usikimbilie kununua. Mpigie simu kwanza mtu mliyekuwa mkisoma naye. Kama ni kaka, dada, binamu au mtoto wa jirani, mtafute na umuulize anakumbuka nini. Ushauri huu nautoa baada ya kuzunguka sana kwenye meza za vitabu vya zamani nikitafuta nakala za jarida la Sani za miaka ya 1980, na naamini kabisa kwamba wengi wetu tunatafuta mahali pasipo penyewe.

Vijana wasiolijua jarida hilo niwaeleze kidogo. Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ndiyo maana likaitwa hivyo: Sa na Ni. Ndani yake mlikuwa na hadithi za kusoma, lakini sisi watoto tulikuwa tukizirukia katuni. Kulikuwa na Ndumilakuwili, mjanja asiyeaminika hata akikusalimia. Kulikuwa na Lodi Lofa, mtu asiye na kitu mfukoni anayetembea kama bwana mkubwa. Kulikuwa na Dokta Love Pimbi, mfupi wa kimo na mkubwa wa tamaa, na Madenge, mtoto mtundu ambaye kila mwalimu alimjua kwa jina lingine darasani kwake. Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliumbwa na Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa. Huwa nashangaa tulivyocheka na kalamu ile kwa miaka bila kumjua mwenye kuishika.

Wakubwa wetu walikuwa na wao: Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Wakenya watakuambia habari za Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Waliokuja nyuma yetu watamtaja Kingo wa James Gayo. Kila rika na mtu wake, na ubishi wa nani alikuwa bora hauishi.

Sasa nieleze kwa nini nasema anza na watu. Sisi tulikulia Tabora, kwenye nyumba za reli. Sani lilikuwa likifika linapofika, maana miaka ile karatasi nayo ilikuwa miongoni mwa vitu adimu, pamoja na sukari na sabuni. Nakala ikishuka na treni kutoka Dar es Salaam mikononi mwa mfanyakazi fulani, ilianza kusomwa kwake, ikaenda kwa jirani, ikapita nyumba kwa nyumba mpaka kutufikia sisi ikiwa haina kava. Wakati mwingine ilikuwa haina na ukurasa wa mwisho. Wasomaji walikuwa wachache, watazamaji wengi. Kaka yangu ndiye aliyeshika jarida. Sisi tulibanana mabegani mwake. Alimpa kila mhusika sauti yake. Ndumilakuwili aliongea kwa puani. Lodi Lofa aliongea Kiswahili cha redioni. Palipokosekana ukurasa, kaka alimalizia mwenyewe, tena bila kutuambia.

Miaka mingi baadaye nililipata toleo mojawapo tulilolisoma hivyo. Nikaketi, nikatafuta kile kichekesho ambacho nyumbani kwetu kilikuwa kama msemo wa familia. Hakimo. Picha ipo, Lodi Lofa yupo, lakini yale maneno hayapo popote. Yalikuwa ya kaka. Nilipomuuliza alicheka mpaka akakohoa, akasema pale palikuwa pamemwagikiwa chai, asingeweza kusoma hata angetaka.

Kwa hiyo ukinunua jarida tu, umenunua nusu. Nusu nyingine iko vichwani mwa watu ambao nao wanazeeka. Mrekodi dada yako kwenye simu akisimulia anachokumbuka, kabla hamjalitazama jarida lenyewe, kwa sababu mkishaliona macho yatasahihisha kumbukumbu na utamu wote utakwisha. Mkitofautiana, acheni. Kwetu bado hatujakubaliana kama Pimbi alikuwa akivaa kofia, na sina haraka ya kukata kesi hiyo.

Ukishafanya hayo, katafute. Walioweka karatasi zamani ni walimu wastaafu, makarani, wafanyakazi wa reli na bandari, na akina mama waliotandika magazeti kwenye rafu za kabati. Ulizia masanduku ya chuma yaliyo chini ya vitanda. Nakala nyingi mno ziliishia kufungia karanga na maandazi, hivyo usitegemee kupata mfululizo kamili. Kwa wauza vitabu wa barabarani usianze kwa kusema unachotaka, bei itapanda hapohapo. Pekua taratibu, ulizia vitu viwili vitatu, ndipo ufike. Kabla ya kulipa, fungua katikati penye pini. Kurasa za katikati ndizo za kwanza kuchomoka, na muuzaji hatakuambia. Kama unachotaka ni kusoma tu, si kumiliki, jaribu kuulizia mkusanyiko wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nenda na penseli na subira.

Jarida likiwa mkononi, liweke mbali na jua. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, na ile asili ya mti inayobaki ndani yake hugeuka manjano na kukatika ikipigwa na mwanga na hewa. Hakuna dawa ya kuirudisha, ila unaweza kuichelewesha: laza jarida ndani ya bahasha safi, kwenye boksi kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa. Selotepu usiiguse. Leo itashika, baada ya miaka michache gundi yake itaacha doa la kahawia kwenye uso wa Madenge. Na usikubali mtu wa steshenari akushawishi kulaminisha. Akishapitisha kwenye mashine hakuna kurudi nyuma. Ukitaka nakala, piga picha kwa simu karibu na dirisha, kivulini, ukurasa umelala sawasawa.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa katuni hizi hatupendi kulisema. Baadhi ya vichekesho havijazeeka vizuri. Makalio ya wanawake yalichorwa kana kwamba ndiyo wao wote, mtu wa kijijini alikuwa mjinga kwa sababu tu katoka kijijini, na kipigo cha nyumbani kilikuwa cha kuchekesha. Binti yangu aliposoma Pimbi aliniuliza kwa nini yule mwanamke hasemi kitu hata mara moja. Sikuwa na jibu la haraka. Ushauri wangu ni kwamba usilifiche jarida, na usijitie uwakili. Soma naye, mwache aulize, cheka panapochekesha kweli, na pengine napo useme wazi kwamba hapa tulikuwa tunacheka vibaya. Mimi nimeona watoto hawashindwi kuyapokea yote mawili. Binti yangu huyohuyo alichukua karatasi akamchorea yule mwanamke maneno, na kwa uaminifu wote lazima niseme Pimbi alikiona.

Isitoshe, Kiswahili kilichomo ni kizuri. Ni cha mtaani, kifupi, chenye kukata, na mtoto anayekwepa kitabu cha shule atakisoma mpaka mwisho ili ajue nani kamtapeli nani.

La mwisho linawahusu wale wanaoskani majarida mazima na kuyauza kwa WhatsApp. Najua wanasema wanaokoa historia. Kurasa mbili ukiwatumia ndugu zako mcheke, hakuna atakayekulaumu. Lakini wachoraji wengine wa enzi hizo wapo hai, na waliotangulia wameacha wake na watoto, na zile picha ndizo mali yao. Ukimjua mmoja, mtafute. Wengine bado wanachora na wanapokea kazi; muagize akuchoree kitu kipya, na umlipe kabla hajashika kalamu.