Maswali na majibu: useremala wa nyumbani

Shikamoo fundi. Nimepanga vyumba viwili Mbagala, nataka kujifunza useremala jioni nikitoka kazini. Nianze na mashine gani?

Marahaba. Usianze na mashine yoyote. Nunua msumeno wa mkono, patasi mbili (ya nusu inchi na ya inchi moja), randa ya chuma, skwea (ya kupimia pembe mraba), futi, nyundo na jiwe la kunolea lenye pande mbili. Ukiwa dukani, tazama ncha za meno ya msumeno. Zikiwa na weusi au ubluu, meno hayo yamekomazwa kiwandani na tupa haiyapati. Yakiisha makali, msumeno huo umekwisha. Tafuta ule unaonoleka kwa tupa ya pembetatu. Na wenye nyumba hawatakugombeza kwa sauti ya randa.

Patasi yangu ni mpya kabisa lakini haikati, inabonyeza mbao tu. Nimeuziwa feki?

Huenda si feki. Patasi ya dukani huja na umbo la makali tu. Makali yenyewe unayatia wewe. Watu wengi huachia hapa wakidhani hawana kipaji, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye swali hili.

Chukua kipande cha kioo kinene, kilaze mezani, juu yake weka msasa wa maji namba 240 uliolowa. Anza na mgongo, yaani ule upande bapa. Ulaze wote na usugue sentimita mbili tatu za mwisho mpaka mng'ao ufike ukingoni kabisa. Mgongo ukiwa na bonde, hakuna makali yatakayosimama hapo. Kisha geukia upande wa mshazari. Viwanda vingi huukata kwa nyuzi 25. Wewe inua mkono kidogo, karibu nyuzi 30, usugue ncha tu. Endelea mpaka ukipitisha kidole kwa nyuma usikie chuma kilichojikunja upana mzima wa patasi. Usipokisikia, hujafika bado, hata kama mkono umechoka. Panda namba 400, halafu 1000, kisha laza mgongo na uondoe ule mkunjo. Malizia kwa kuivuta kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi wa zamani.

Ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini, yaani mwisho wake uliokatwa kwa msumeno. Ikiacha sehemu laini inayong'aa, fanya kazi. Ikiacha unga mweupe, rudi kwenye kioo. Chuma cha randa kinanolewa hivyo hivyo. Sakafu ya saruji waachie wenye mapanga, na kwenye jiwe la umeme usikubali chuma kigeuke bluu, kwa sababu hapo ugumu wake umeshatoka.

Nilitengeneza shelfu ya saipresi, baada ya wiki chache imejipinda yote. Niko Nakuru.

Mbao zilikuwa mbichi, ndugu yangu. Nyingi zinazouzwa kando ya barabara zimepasuliwa juzi tu. Ubao ukikauka husinyaa upana na unene, urefu karibu haubadiliki, na kwa kuwa hausinyai sawa kila mahali, unajikunja. Zipange kivulini penye upepo, juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja vikiwa kati ya ubao na ubao, na juu kabisa uweke uzito. Utajuaje zimekauka? Pima ubao mmoja kwenye mizani, andika uzito kwa penseli ubavuni, upime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Ubao wenye kiini cha mti katikati usiununue hata kwa bei ya bure.

Nianze na mninga au mkongo?

Paini. Ile ya shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, inatosha kuharibia ukiwa unajifunza. Ukishaweza kuunga pembe bila mwanya, pita karakana za jirani uombe vipande vya mninga vilivyobaki. Mvule pia ni mzuri, ila vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Vaa barakoa kwa mbao zote: tangu 1995, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Mapaleti ya mizigo yanafaa?

Yanafaa, ila soma muhuri kwanza. HT maana yake yamepashwa joto, chukua. MB yamefukizwa kwa dawa ya methili bromidi, yaache. Yasiyo na muhuri au yenye madoa ya mafuta na kemikali, yaache pia. Na ng'oa misumari yote kabla randa haijagusa.

Nimemtengenezea mama kibao cha kukatia mboga. Nikipake vanishi?

Hapana dada, kisu kitaibandua iingie kwenye mchicha. Mafuta ya alizeti nayo yatachacha. Nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile wanayopewa watu waliofunga choo. Paka, acha usiku kucha, futa, rudia kikianza kupauka. Mwambie mama asikiloweke kwenye beseni. Na ukimtuma mtoto dukani mweleze vizuri, asije akarudi na mafuta ya taa.