Maswali na majibu: Kuongoza timu ya ikolojia kando ya Ziwa

Shikamoo mama. Naahidiwa ukurugenzi wa ikolojia kwenye kampuni ya ushauri wa mazingira hapa Mwanza. Nitaendelea kwenda uwandani, au ndiyo basi? (Nyegezi)

Marahaba. Utakwenda mara chache, na si huko utakakohitajika zaidi. Kazi yako kubwa itakuwa kwenye zabuni. Ukikubali siku tano za uwandani kwa sababu mshindani wako kakubali tano, hata uajiri bingwa gani, hizo tano hazitamtosha.

Tuseme mtu anataka kujenga gati jirani na mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo timu ikifika wiki ya mbalamwezi itakuta mitumbwi ya dagaa imepandishwa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu, vichanja vya kuanikia vitupu. Ripoti itasema uvuvi hapo ni mdogo. Giza likirudi, mwalo huohuo haupitiki alfajiri. Kwa hiyo andika kwenye bajeti tangu mwanzo: giza na mbalamwezi, masika na kiangazi. Mteja atanuna. Wengine watahamia kwa mwenye bei ya chini, nawe waache waende.

Mteja anayejenga gati na ghala ufukweni anataka tufute, kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, aya inayosema mafunjo yatakayofyekwa ni mazalia ya samaki. Bosi anasema "ilainishe tu". Anayesaini ni mimi. (Ilemela)

Usisaini. Lugha lainisha upendavyo, matokeo yabaki. Umesajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa jina lako, si la bosi, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kutoa taarifa za uongo kwenye tathmini ni kosa. Ila usiishie kukataa, maana mteja ana mkopo wa benki unaomkimbiza. Sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, basi keti naye na ramani: ghala lirudi nyuma, mafunjo yabaki, gati lipite kwenye mawe ambako hakuna cha kufyeka. Mara nyingi anachogombania ni tarehe, wala si yale mafunjo.

Lazima niwe na shahada ya uzamivu? (Magu)

Hapana. Ya uzamili na usajili vinatosha, ukiongeza uwezo wa kusimama mbele ya mkutano wa kijiji uliokasirika na kusikiliza bila kujitetea. Hilo la mwisho wenye uzamivu wengi hawana.

Vijana wangu hawatofautishi aina za furu. Niwafundishe au nikodi mtaalamu? (Kirumba)

Kodi, mlipe vizuri, na vijana wakae naye meza moja. Furu, hawa samaki wadogo wa ziwani, walikuwa mamia ya aina. Wengi walitoweka sangara aliposhamiri miaka ya 1980, na waliobaki hutambulika kwa meno na rangi ya dume, rangi inayofifia samaki akishakufa. Picha ipigwe mtumbwini, angali hai. Na mvuvi mzee wa hapo apande nao, kwa posho sawa na ya kijana mwenye digrii. Jedwali likikujia limeandika "furu" mstari mmoja tu, lirudishe kabla hujamaliza chai.