Mbwa wa Pavlov: walizoea kengele au walizoezwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomea ualimu hapa Tanga. Katika zoezi la saikolojia niliandika kwamba "mbwa wa Pavlov walizoea kengele" na kwamba "uimarishaji hasi ni kumwadhibu mwanafunzi". Mkufunzi kazikata sentensi zote mbili kwa wino mwekundu, hakueleza kitu. Nimekosea Kiswahili au saikolojia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Saikolojia yenyewe nadhani unaijua. Kiswahili ndicho kilichokuponza, na mara zote mbili.

Zoea likifuatwa na jina la kitu, maana yake kitu hicho hakikushtui tena. Aliyepanga chumba jirani na mashine ya kusaga husema "nimezoea kelele", yaani hazimnyimi usingizi. Kwa hiyo ukiandika kwamba mbwa walizoea kengele, msomaji anaelewa kuwa kengele ililia nao wakaendelea kulala. Kilichotokea ni kinyume chake. Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakidondokwa na mate hata kabla ya kula. Akawa anatanguliza sauti ndipo chakula kifuate, tena na tena, mpaka sauti peke yake ikatosha kuwatoa mate. Sauti ambayo mwanzo haikuwa na maana yoyote kwao iliongezeka nguvu, wakati kitu kilichozoeleka hupungua nguvu.

Lakini zoea likifuatwa na kitenzi, maana inageuka: "amezoea kuamka alfajiri" ni mtu mwenye desturi hiyo. Na palipo na mtu anayeijenga desturi hiyo kwa mwingine, tumia kauli ya kutendesha: zoeza. Mbwa walizoezwa.

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi boti zinaporudi, uwatazame paka. Mpara samaki akigonga kisu kwenye ubao, samaki hata hajapasuliwa, wameshainuka wanalamba midomo. Hapo nisingesema wamezoezwa, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kuwafunza. Wamejifunza wenyewe kwamba mlio ule hutangulia utumbo wa samaki.

Sasa neno hasi, ambalo limewaponza wengi. Mitaani tumelifanya liwe na maana ya "baya": mtazamo hasi, maneno hasi. Katika hesabu, hasi ni alama ya kutoa, na Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alilikusudia hivyo. Panya wake akibonyeza kijiti cha chuma, punje ya chakula inadondoka. Kitu kimeongezwa, naye anabonyeza zaidi: huo ni uimarishaji chanya. Uimarishaji hasi ni pale tendo linapoondoa kero, nawe ukalirudia kwa sababu hiyo. Mbu wakikuandama usiku unashusha chandarua, wanakoma, na kesho hungoji wakuume ndipo ushushe. Hakuna aliyeadhibiwa hapo. Shikilia neno lenyewe, uimarishaji: penye uimarishaji tabia inapata nguvu, iwe chanya au hasi. Adhabu inakusudiwa kuipunguza. Mwalimu anayechapa mtoto kisha akaiita fimbo yake "uimarishaji hasi" anakosea, na kosa hilo linanisikitisha kwa sababu linaipa fimbo jina la kitaalamu isilostahili.

Utakutana pia na "uwekaji sharti", neno linalotumika kwa kujifunza kwa namna hizi mbili, ya Pavlov na ya Skinner (kwa Kiingereza "conditioning"). Kwa panya wa Skinner linakubalika, maana asipobonyeza hapati chakula. Kwa mbwa wa Pavlov silipendi. Wale hawakupewa sharti lolote. Chakula kilikuja wafanye wasifanye.

Basi andika upya hivi: "Mbwa wa Pavlov walizoezwa kutoa mate wasikiapo sauti iliyokuwa ikitangulia chakula." Na ile ya pili: "Uimarishaji hasi ni kuipa tabia nguvu kwa kuondoa kero pale tabia hiyo inapotendwa." Mpelekee mkufunzi wako zote mbili.