Somo limefika kwenye simu, uji bado mwepesi

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nina grupu la WhatsApp la walezi 20 wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kila wiki nawatumia somo la makundi ya vyakula, wananijibu "asante". Nikiwatembelea nakuta uji uleule mwepesi na watoto bado wanapaliwa. Nibadilishe nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Geuza mkondo: walezi ndio watume, wewe utazame. Makundi ya vyakula wameshayasikia kliniki. Kosa liko pale kijiko kinapoingia mdomoni, na huko maandishi hayafiki.

Mwombe kila mlezi video ya dakika moja mtoto akila, simu ikiwa ubavuni ili shingo ionekane. Aitume kwako peke yako, isipite kwenye grupu. Ukishaitazama, ifute.

Anza na shingo. Wengi humlaza mtoto pajani wakamnywesha. Kichwa kikirudi nyuma, uji unateremka kabla hajameza na unaweza kuingia njia ya hewa; ndiyo maana anapaliwa. Akae wima, nyonga zimekunjwa, miguu ipate pa kukanyaga, kidevu kimeinama kidogo. Mlezi naye akae mbele yake, macho kwa macho. Akilisha amesimama, mtoto atainua uso tu. Kijiko kiwe cha chai, kijazwe nusu, na kingine kisije kabla hajameza. Baada ya mlo abaki wima nusu saa.

Kuhusu uzito wa uji, picha moja inamaliza ubishi. Mlezi achote, ainamishe kijiko, apige picha. Uji ukichuruzika kama maziwa ni mwepesi mno kwa mtoto anayepaliwa, tena unamjaza maji tumboni. Unaofaa huanguka fungu moja. Kwenye kikombe cha mililita 250 aongeze kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, ambacho kina kalori 40 hivi, au karanga zilizosagwa zikalainika kabisa, maana chenga zinapalia. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe kwa hofu ya sumukuvu. Na kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa? Kwa watoto wengine ni kizuri, kwani hulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Kwa anayepaliwa kinakurudisha ulikotoka.

Jibu kwa ujumbe wa sauti wa nusu dakika, usahihishe kosa moja. Ukitaja manne hatashika hata moja. Siku tatu baadaye omba video nyingine. Chukua walezi wanne kwa siku. Jumatatu hadi Ijumaa umewamaliza.

Mtoto anayekohoa kila mlo, ambaye sauti inakuwa ya majimaji akishameza, anayeugua nimonia mara kwa mara au anayepungua uzito, huyo asisubiri video. Apelekwe hospitali akachunguzwe anavyomeza.

SWALI: Na walezi wenye simu za kitochi?

JIBU: Wapigie saa ya mlo, spika iwashwe na simu iwekwe chini ili mikono ibaki huru. Usiulize "umemkalisha vizuri?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza "kidevu kimeelekea wapi?" na "uji umeanguka vipi kwenye kijiko?"