Mnaoanza kusanifu nyonga bandia, uachieni mfupa kazi yake

Wanangu mnaotoka vyuo vyetu vya Zanzibar, Karume na SUZA, na hamu ya kusanifu nyonga bandia, kabla ya kufungua kompyuta ombeni kwanza kuonyeshwa eksirei. Iwekeni ya baada ya upasuaji kando ya ile ya miaka kadhaa mbele. Tazameni fupa la paja upande wa ndani, juu kabisa, pale shingo ilipokatwa: ukingo uliokuwa mweupe na mnene mara nyingi umefifia na kukonda. Shina la chuma, ule mkia wa nyonga bandia unaoingia ndani ya fupa la paja, halikuvunjika wala halikulegea. Kosa lake ni kubeba mno.

Mfupa huishi kwa kubeba. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliliandika hilo mwaka 1892. Ukakamavu wa mfupa mgumu wa paja, yaani unavyokataa kupinda na kunyumbuka, ni kama gigapaskali 15 hadi 20. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya titani hufika 110, ya kobalti na kromi hupita 200. Basi uzito hushuka na chuma mpaka chini, na mfupa wa juu ukikosa kazi hupungua.

Wengi hukimbilia kubadili madini. Mimi nasema anzeni na unene: shina la mviringo la milimita 14 hukataa kupinda karibu mara 4 ya lile la milimita 10 la chuma kile kile. Lakini msililainishe shina ovyo. Mashina ya plastiki yenye kiini cha chuma yaliyojaribiwa Ulaya miaka ya 1970 yalilegea mengi, kwani shina laini huchezacheza pale juu. Mchezo huo ukizidi mikromita 150 hivi, yaani milimita 0.15, badala ya mfupa huota utando wa kovu. Kila hesabu ipime yote mawili, mzigo uliobakia kwa mfupa na mchezo wa shina.

Tena msipime kutembea tu. Kupanda ngazi husokota shina, na ngazi za Mji Mkongwe mnazijua.

Kwetu hili lina uzito khasa, maana selimundu huua kichwa cha fupa la paja kwa vijana. Anayewekewa nyonga na miaka 30 huenda akabadilishiwa, na daktari atahitaji mfupa wa kushikizia. Muulizeni atalitoaje shina lenu siku hiyo. Lililoshikana na mfupa hadi nchani mara nyingi hutolewa kwa kupasua fupa lenyewe, ndiyo maana vitundu vya kuotea mfupa mimi huviweka sehemu ya juu ya shina tu.