Figo ya mtoto imetanuka? Usikae unasubiri aumwe

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mtoto wake ana wiki mbili, utrasaundi imeonyesha figo ya kushoto imetanuka, anauliza kama asubiri tu maana mtoto ananyonya vizuri. Dada yangu, kunyonya vizuri sio kipimo. Wangu alikuwa na mashavu yamejaa kabisa, na ile sehemu ya katikati ya figo inayokusanya mkojo ina upana wa milimita 13.

Yetu ilionekana mimba ikiwa kubwa. Nilivyojifungua wakampiga picha siku ileile, ikatoka safi, tukaambiwa nendeni nyumbani. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu siku mbili za kwanza mtoto anakojoa kidogo sana na figo inaweza kuonekana nzuri wakati sio. Picha ya kuaminika ni baada ya saa 48, na hata ikiwa safi inarudiwa baadaye, mwezi mmoja hadi sita. Ila kama ni wa kiume na figo zote mbili zimetanuka, au mkojo wake unadondoka tu badala ya kuruka, huyo hasubiri hata hizo siku mbili, huenda njia imeziba.

Mimi nikarudi. Mama mkwe akasema namtafutia mtoto ugonjwa, nikanyamaza nikapanda daladala. Ndio ikatoka hiyo 13! Chini ya 10 ni kawaida, 15 na kuendelea wanakufuatilia kwa karibu zaidi, lakini waulize pia kama vifereji vya ndani na mrija unaoshuka kibofuni vimetanuka, maana milimita peke yake haitoshi. Na karatasi zote tunza, daktari anataka kulinganisha.

Homa ndio usicheze nayo, huenda ni maambukizi ya mkojo. Akichemka bila kikohozi wala mafua usikubali dawa ya malaria bila kipimo, omba na mkojo upimwe. Mkojo wa kukinga kwenye kikopo safi ni bora kuliko wa kile kimfuko cha kubandika, kinachanganya uchafu wa ngozi. Msafishe, kisha pamba yenye maji baridi mpapase chini ya kitovu, kikopo kiwe tayari mkononi, wangu mkojo ulikuwa unaruka hapohapo.

Mwezi uliopita daktari katufungia faili, figo imerudi kawaida, nimelia pale pale. Nyingi zinarudi zenyewe kweli, lakini mama lazima upime, usiwasikilize majirani.

Dada, kabla hujatoka kliniki hakikisha tarehe ya picha inayofuata imeandikwa kwenye kadi, halafu niambie ni milimita ngapi.